Sheria za Lori na Swali la Dhamiri

Mmiliki wa lori linalofanya kazi ndani ya Tanzania pekee hudaiwa mengi na dola kabla gari lake halijapakia gunia la kwanza. Hutakiwa kulisajili kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuwa na namba ya mlipakodi. Hutakiwa kulikatia bima isiyopungua ile ya mtu wa tatu, ambayo mtaani huitwa bima ndogo. Hutakiwa pia kulikatia leseni ya kubeba mizigo kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikapokea kazi za mamlaka ya awali, SUMATRA, kwa upande wa nchi kavu. Dereva wake lazima awe na leseni ya daraja la magari makubwa, asipite kilomita 80 kwa saa, au 50 penye makazi ya watu, na gari lisizidi uzito uliowekwa kwa jumla yake na kwa kila ekseli. Mzigo nao una karatasi zake: risiti, stakabadhi ya ushuru wa mazao ikiwa ni mazao, kibali cha maliasili ikiwa ni mbao au mkaa. Swali ambalo wanafikra na wanadini wameliuliza kwa karne nyingi kuhusu masharti ya namna hii ni moja: je, humfunga mtu katika dhamiri, au humfunga mfukoni tu? Anayeyakwepa asikamatwe, amekosa, au amebahatika?

Tunduma ni mahali pazuri pa kulipimia swali hilo. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na Tunduma ikawa lango la mkoa huo kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Barabara kuu ya TANZAM ikitoka Dar es Salaam huingia Zambia hapo, na barabara ya Sumbawanga huanzia hapo. Macho ya wageni na ya serikali huishia kwenye foleni ya malori ya nje, yale yanayokwenda Zambia na Kongo, yenye lakiri za forodha, yanayopita katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 5, 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu. Lori la ndani halina lakiri wala haliulizwi hati za forodha. Ni fuso iliyobeba mpunga wa Kamsamba, tela la mahindi kutoka Laela, gari la kahawa ya Mbozi linalokwenda kukobolewa, au la makaa ya mawe yaliyochimbwa Ileje. Mara nyingi mwenyewe ni mtu wa gari moja au mawili, aliyelinunua likiwa limekwisha kutumika kwingine.

Hoja ya mtu huyu inastahili kusikilizwa kwa uzito wake wote, kwa sababu haitoki kwa mwizi. Anasema hivi: sivuki mpaka, sibebi magendo, nabeba chakula cha watu wa hapa hapa. Masharti haya yalitungwa Dodoma na Arusha na watu ambao hawajawahi kulala chini ya tela. Nikikamatwa nitalipa, na nikilipa tumemalizana. Dhambi iko wapi?

Jibu la kwanza linalotolewa kwa kawaida ni lile la mkataba. Mwaka 1689 John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alidai kwamba mtu hukubali kutawaliwa hata bila kutamka neno, na miongoni mwa mifano aliyoitaja ni mtu anayepita tu kwenye barabara kuu ya nchi. Kwa hesabu hiyo dereva anayetoka Mlowo, wilayani Mbozi, kwenda Tunduma amekwisha kutia sahihi kwa magurudumu yake. Lakini David Hume, mwaka 1748, aliona udhaifu wa hoja hiyo. Alitoa mfano wa mtu aliyepakiwa merikebuni akiwa usingizini: kuendelea kwake kukaa humo hakuwezi kuitwa ridhaa, kwa kuwa njia pekee ya kutoka ni kujitupa baharini. Mkulima wa wilaya ya Momba hana barabara nyingine ya kupitishia mpunga wake. Kupita kwake si ridhaa kwa masharti ya barabara, ni lazima ya maisha. Hume yuko sahihi hapa, na hoja ya mkataba peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani rohoni.

Jibu la pili ni la watu wa dini, nalo lina mgawanyiko wa ndani ambao haujulikani sana. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba sheria ya binadamu humfunga mtu katika dhamiri ikiwa ni ya haki, na haki yake hupimwa kwa mambo matatu: lengo lake liwe manufaa ya wote, aliyeitunga asivuke madaraka yake, na mzigo wake ugawanywe kwa uwiano ulio sawa. Karne tatu baadaye wanateolojia wa Hispania, akiwamo Alfonso de Castro na kisha Francisco Suárez katika kitabu chake cha mwaka 1612, walijadili aina nyingine ya sheria, ile ya adhabu tupu. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, zipo sheria ambazo mtunzi wake hakukusudia kumfunga mtu katika dhamiri afanye au asifanye jambo, bali alikusudia kwamba anayekamatwa akubali adhabu bila kupinga. Mifano yao ya kawaida ilikuwa ushuru wa njiani na katazo la kukata kuni katika misitu ya umma. Mtu yeyote aliyewahi kusimamishwa kwenye geti la ushuru au la maliasili ataitambua mifano hiyo. Kumbe hoja ya mwenye fuso wa Tunduma, ya kwamba nikilipa tumemalizana, ina ukoo wa heshima katika vitabu vya teolojia.

Wengi waliokuja baadaye waliikataa nadharia hiyo, na sababu yao kubwa ilikuwa kwamba inaigeuza sheria kuwa orodha ya bei. Ushahidi wa jambo hilo ulikuja kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2000 watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio lao katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa. Baadhi ya vituo viliweka faini ndogo kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto wao. Uchelewaji ukaongezeka. Wazazi waliokuwa wakiona haya kumweka mwalimu hadi jioni sasa walijiona wamenunua muda wake, na faini ilipofutwa hawakurudi kwenye tabia ya awali. Msafirishaji anayepiga hesabu kwamba faini ya mizani ni ndogo kuliko faida ya magunia ya ziada amefika pale pale. Ameacha kuuliza kama inafaa, anauliza kama inalipa. Hilo ni badiliko la moyo, hata kama kila shilingi ya faini imelipwa kwa namba halali na risiti imetoka.

Bado haijajibiwa kama kuna kosa lenyewe, mbali na moyo kubadilika. Hapa ndipo masharti ya lori yanapohitaji kutenganishwa, kwa sababu si ya aina moja. Uzito ni jambo moja, karatasi ni jambo jingine, na kuyachanganya ndiko kunakoupotosha mjadala huu kila unapoanza.

Tuseme uzito kwanza. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichowekwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, ni tani 56 kwa gari la ekseli saba. Ekseli moja yenye matairi pacha isizidi tani 10, na ya usukani isizidi 8. Kwa hiyo fuso ya ekseli mbili, pamoja na uzito wake yenyewe, isizidi tani 18. Nambari hizi hazikuokotwa. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani, kwenye barabara za majaribio zilizojengwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, waliyapitisha malori usiku na mchana, kisha wakapima uharibifu. Walichokiona ni kwamba madhara kwa barabara hayaongezeki sambamba na uzito wa ekseli, huongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ikizidishwa kwa asilimia 10, madhara hupanda kwa karibu asilimia 46. Fuso ikibeba nyuma tani 15 badala ya 10, kila mara tairi zinapopita zinaila lami mara tano ya kiwango kilichoruhusiwa. Na ekseli ya tani 10 inalingana na kupita kwa ekseli 10,000 za tani moja.

Nambari hii ya mwisho ndiyo yenye fundisho la kimaadili. Barabara za Tanzania hutunzwa kwa Mfuko wa Barabara, ambao sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na tozo iliyomo katika bei ya mafuta. Kijana wa bodaboda wa Vwawa hulipa tozo hiyo kwa kila lita. Mama aliyepanda daladala hulipa ndani ya nauli yake. Mkulima mwenye mashine ya kusaga ya dizeli hulipa bila hata kupita barabarani. Wote hawa, kwa uzito wao, hawaidhuru lami kwa kiasi cha kutajika. Anayezidisha mzigo huchukua kutoka kwao, hata bila kuwaona. Akipita Mlowo na magunia ya ziada, faida huingia mfukoni mwake usiku ule ule, ilhali shimo hutokea masika inayofuata, na anayevunjikia humo ni mwingine.

Kwa sababu hiyo nadharia ya adhabu tupu haiwezi kusimama kwenye suala la uzito. Suárez na wenzake walizungumzia sheria ambazo kosa lake ni la kuivunja amri tu. Kuzidisha uzito ni kosa hata pasipokuwa na amri. Kama bunge lingefuta kesho kila kifungu kinachohusu mizani, uharibifu ungebaki kuwa uharibifu, na aliyedhurika angebaki amedhurika. Sheria hapa haikuumba wajibu. Iliukuta, ikauwekea kilo.

Mapokeo ya Kiislamu yalilitambua jambo hili zamani. Al-Mawardi, fakihi wa madhehebu ya Shafii aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alipoeleza kazi za muhtasibu, yaani msimamizi wa soko na maadili ya mji, alimpa mamlaka ya kuwazuia wenye vyombo kupakia kuliko uwezo wa chombo kwa kuhofia kisizame, na kuwazuia wenye wanyama kuwabebesha kupita nguvu zao. Muhtasibu hakuhitaji kusubiri malalamiko ya mtu. Makubaliano ya mwenye mzigo na mwenye chombo hayahalalishi madhara kwa wa tatu. Watanzania hawahitaji kufundishwa maana ya hilo. Mv Bukoba ilizama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza, Mv Spice Islander ikazama Septemba 2011 ikielekea Pemba, Mv Nyerere ikapinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia Ukara. Katika majanga yote matatu msongamano wa watu na mizigo ulitajwa. Maji huleta hukumu siku ile ile. Barabara huichelewesha, na kucheleweshwa huko ndiko kunakomfanya mwenye lori aamini kwamba hakuna aliyeumia.

Isitoshe, barabara nayo si kwamba haiui kabisa. Kati ya Mbeya na Tunduma ipo miteremko, ukiwamo wa Senjele wilayani Mbozi, ambako breki za gari lililozidishiwa mzigo hupata moto na kushindwa kushika. Hapo mtu wa tatu ana sura na jina. Ni abiria wa basi dogo lililo mbele, ni muuza ndizi wa kando ya barabara, na kabla yao wote ni dereva mwenyewe na utingo wake.

Vitabu vitakatifu vimelizungumzia suala la vipimo mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Torati, katika Walawi na Kumbukumbu la Torati, inakataza mawe ya mizani yasiyo sawa. Mithali inalirudia. Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo, Al-Mutaffifin. Kwa kawaida mafundisho hayo husomwa dukani, kwa muuzaji anayepunja unga. Nyanda za juu za kusini zinatoa mfano ulio karibu zaidi, nao ni lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba juu, linalouzwa kwa bei ya gunia moja huku likibeba zaidi ya moja. Sheria ya Vipimo inakataza mazao kufungashwa kwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo hulikemea jambo hilo kila msimu. Lumbesa shambani humpunja mkulima. Magunia hayo hayo yakipandishwa kwenye fuso kwa hesabu ya idadi badala ya kilo, lori nalo huzidi uzito bila hata dereva kujua kwa kiasi gani. Dhuluma ya kwanza imezaa ya pili, na mkulima aliyepunjwa kwenye gunia ndiye huyo huyo atakayepitisha mavuno yajayo kwenye barabara iliyochimbika.

Kisa cha asilimia tano kinaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuutenga uhalali na uadilifu. Kwa miaka kadhaa Tanzania iliruhusu magari yaliyozidi kikomo kwa kiasi kisichopita asilimia 5 yapite bila tozo. Nafasi hiyo iliachwa kwa sababu ya busara: mizani hutofautiana, na mzigo wa nafaka husogea njiani gari linapopanda na kushuka, ekseli iliyokuwa sawa asubuhi ikawa imezidi jioni. Lakini wapo waliopakia hadi kwenye nafasi hiyo kana kwamba ndiyo kikomo chenyewe. Kwa gari la tani 56, asilimia 5 ni tani 2.8, yaani magunia 28 ya kilo 100, kila safari. Oktoba 2013 John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliufuta msamaha huo. Wasafirishaji wakasimamisha magari, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaurejesha. Sheria ya Afrika Mashariki ilikuja kuubakiza kwenye ekseli na kuuondoa kwenye uzito wa jumla, jambo ambalo kimaadili ni sahihi: mzigo unaweza kusogea kutoka ekseli moja hadi nyingine bila kosa la mtu, lakini hauwezi kuongezeka njiani. Aliyepakia asilimia tano kwa makusudi mwaka 2013 hakuvunja utaratibu wa wakati ule. Alichukua msamaha uliowekwa kwa ajili ya ajali akaufanya mtaji. Mafakihi wangesema nia ndiyo inayoutofautisha mzigo wake na mzigo uliozidi kwa bahati mbaya, ingawa kwenye mizani kilo ni zile zile.

Masharti ya karatasi yana msingi mwingine. Kuwa na leseni ya LATRA hakuifanyi breki ishike. Gari zima lisilo na leseni halimdhuru mtu kwa kukosa karatasi, na hapa hoja ya mwenye fuso inapata nguvu. Hata hivyo wajibu wa karatasi upo, nao hutokana na haki baina ya wanaoshirikiana, hoja ambayo mwanasheria wa Oxford, H. L. A. Hart, aliieleza mwaka 1955: watu wakijibana kwa kufuata kanuni ili wote wanufaike, anayenufaika na kujibana kwao bila kujibana yeye anawadhulumu. Msafirishaji aliyekata leseni na bima hutoza nauli ya mzigo inayobeba gharama hizo. Jirani yake asiyekata hutoza pungufu, akamnyang'anya mteja sokoni Mlowo. Bima inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa haikatwi kwa ajili ya mwenye gari. Hukatwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu ambaye bado hajagongwa. Kuendesha bila bima ya mtu wa tatu ni kumwambia mtu huyo kwamba akivunjika mguu ataujua mwenyewe. Kwa hiyo bima iko karibu zaidi na mizani kuliko na leseni, ingawa machoni pa wengi zote ni karatasi tu.

Lakini wajibu uliojengwa juu ya kushirikiana una sharti: ushirika wenyewe uwe wa haki. Lon Fuller, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu maadili ya sheria, alionyesha kwamba amri zisizotangazwa, zinazopingana, zinazobadilika kila siku, au zisizowezekana kutekelezwa, hupoteza sifa ya kuwa sheria. Mtu wa gari moja anayepita halmashauri tatu kwa siku moja anaweza kukutana na geti linalodai ushuru ambao geti lililopita limekwisha kuutoza. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikaondoa ushuru kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima asiyeijua kanuni hiyo, akatozwa kwa magunia yake saba, hajakutana na sheria. Amekutana na mtu mwenye kizuizi cha mbao. Kwa vigezo vya Thomas wa Akwino, mtozaji huyo amevuka madaraka yake, na madai yake hayaifungi dhamiri ya yeyote.

Qurani ina aya mbili zinazofuatana katika Surat Al-Aaraf ambazo zinafaa kusomwa pamoja kuliko zinavyosomwa kwa kawaida. Nabii Shuaibu anawaonya watu wa Madiani wakamilishe vipimo na mizani, kisha, bila kubadilisha mada, anawakataza kukaa katika kila njia wakiwatisha watu. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo walieleza kwamba waliokaa njiani walikuwa watoza ushuru wa dhuluma. Kwa maelezo hayo, onyo moja limewagusa anayepakia na anayesimamisha. Injili ya Luka ina mafundisho yanayokaribiana nayo, pale Yohana Mbatizaji anapowaelekeza watoza ushuru wasidai zaidi ya kilichowekwa, na askari wasimwonee mtu. Katika mapokeo yote mawili haki ya barabara ina ncha mbili, na ncha moja ikipinda haimpi wa upande mwingine ruhusa ya kuipinda ya kwake.

Hili linatufikisha kwenye rushwa, mahali ambapo ncha hizo mbili hukutana. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani anayetoa na anayepokea. Mafakihi wengi walitofautisha: anayetoa ili apate kisicho haki yake ana dhambi sawa na anayepokea, bali aliyebanwa akatoa ili kuokoa haki yake iliyozuiliwa, dhambi iko kwa mpokeaji peke yake. Tofauti hiyo ni ya huruma na ya akili, lakini barabarani hutumiwa vibaya. Dereva mwenye gari zima, uzito halali na karatasi kamili, anayezuiwa usiku kucha hadi atoe kitu kidogo huku mzigo wa nyanya ukioza, yumo ndani ya ruhusa ya mafakihi hao, hata kama sheria ya nchi inamtaka aende kwenye taasisi ya kuzuia rushwa (TAKUKURU). Dereva aliyezidisha tani tano akatoa ili apite hayumo, kwa sababu haki anayodai kuiokoa hakuwa nayo. Watafiti Benjamin Olken na Patrick Barron, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwafuata madereva wa malori katika safari 304 za jimbo la Aceh nchini Indonesia, wakahesabu zaidi ya malipo 6,000 yasiyo halali kwenye vizuizi na mizani. Mzigo uliozidi ulikuwa sehemu ya biashara yenyewe: vituo vya mizani vilivyowekwa ili kuilinda barabara vilikuwa vinauza ruhusa ya kuiharibu. Mwenye kuzidisha mzigo na mwenye kupokea wanapomalizana, wote wawili wamemalizana juu ya mali ya watu wasiokuwepo.

Nani basi anayebeba dhima, dereva au mwenye gari, ambaye madereva humwita tajiri? Mara nyingi dereva hapangi mzigo. Hukuta gari limepakiwa, hupewa posho na kuambiwa afike. Akikataa, yupo mwingine anayesubiri ufunguo. Mapokeo ya dini hayakubali kwamba amri ya mkubwa huondoa kosa, lakini hupima kiwango cha kulazimishwa. Kwa mafakihi, shuruti inayoondoa dhima ni tishio zito ambalo mtishaji ana uwezo wa kulitimiza papo hapo. Kupoteza kibarua ni hasara nzito kwa mtu mwenye watoto, ila haifiki pale inapohalalisha kuhatarisha uhai wa wengine kwenye mteremko. Kwa hiyo gari lenye breki mbovu dereva haruhusiwi kulitoa hata kwa amri, kwa kuwa uhai wa mtu mwingine si mali ya tajiri wala yake. Kwa mzigo uliozidi kidogo dhima yake ni nyepesi, na sehemu kubwa inabaki kwa aliyepanga, aliyepata faida na ambaye hayupo barabarani. Si haki kwamba katika mazoea ya kila siku anayelala rumande na anayehojiwa na trafiki ni yule mwenye sauti ndogo kuliko wote. Sheria inayomfikia mwenye gari, si mwenye usukani peke yake, iko karibu zaidi na ukweli wa kosa lenyewe.

Linabaki suala la barabara zisizo na mizani. Kwenye TANZAM lori litapimwa Mpemba kabla ya kuingia Tunduma, na likielekea Dar es Salaam litapimwa tena Makambako, Wenda, Mikese na Vigwaza. Lakini mpunga wa bonde la Momba hufika Mlowo kwa njia ambayo sehemu yake kubwa ni ya vumbi, na barabara za vijijini zilizo chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini (TARURA) zina kibao cha tani tu, pengine hata hicho hakipo. Huko hakuna wa kumpima mtu. Nadharia ya adhabu tupu ingesema huko hakuna wajibu wowote, kwa kuwa hakuna adhabu. Hesabu ya madhara inasema kinyume: njia ya udongo huharibika haraka kuliko lami, na wanaoitegemea hawana nyingine ya kuwafikisha hospitali. Wajibu ni mkubwa zaidi pale ambapo hakuna anayeangalia, kwa sababu aliye dhaifu zaidi yuko hapo.

Na aliyekwisha kuzidisha, anatokaje? Toba katika Uislamu, jambo linapogusa haki za waja, haikamiliki mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe. Maadili ya Kikatoliki nayo yana fundisho la kurejesha. Tatizo ni kwamba waliodhulumiwa na ekseli ya tani 15 ni maelfu, na hakuna daftari la majina yao. Mafakihi walikutana na hali kama hiyo katika mali ya dhuluma isiyojulikana mwenyewe, na jibu la wengi lilikuwa kwamba ielekezwe kwenye manufaa ya umma au kwa maskini. Wanateolojia wa Kikatoliki walifika karibu na hapo hapo. Kwa msafirishaji wa Songwe, fundisho hilo lina umbo linaloshikika. Tozo ya mizani iliyolipwa serikalini kwa risiti ni sehemu ya kurejesha, ile iliyomalizwa pembeni siyo. Na kwa safari zile ambazo hazikupimwa na mtu, lori lile lile linaweza kubeba changarawe hadi kwenye korongo la njia ya kijiji kabla ya masika, kwa uzito ulioruhusiwa.